Yasmin wa Kitabuni na Yasmin wa Filamu

Vijana wetu wa Shinyanga na Geita walioiona filamu ya Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Bwana Amil Shivji mwaka 2021, twawasihi wakisome pia kitabu cha Bwana Adam Shafi kilichochapwa mwaka 1999. Filamu yapendeza mno kwa macho, ila imeelekeza moyo wake kwa Yasmin na Denge, kijana mpinga ukoloni wa Unguja. Kitabuni mapenzi hayo ni sehemu tu ya safari. Yasmin, binti wa Kihindi, aozwa Raza, mzee asiyempenda. Akikimbia, jamaa zake wamkataa. Mwajuma, mwanamke fukara wa Ng'ambo, ndiye ampokeaye kama ndugu. Mwishowe aolewa na Bukheti kwa hiari yake.

Sisi wa Usukuma, ambako ng'ombe wa mahari wamewaoza mabinti wengi kabla ya kumaliza shule, hatuwezi kumlaumu Raza peke yake. Dini yetu yataka ridhaa ya bibi arusi. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikataa ndoa ya binti wa miaka 15. Wazazi, kurasa za kusomwa polepole ni zile ambazo Yasmin yu mlangoni kwa jamaa zake, nao hawamtaki.