Uzi wa Fulana Kuukuu

Kondoo wa Kasongo na Kabambare wana nywele fupi tu, kama mbuzi. Hawana sufu. Kwa hiyo uzi wa sufu hutoka mbali, na bei yake ni kubwa. Lakini sufu huingia Wamaza kwa njia nyingine: ni zile fulana za sufu, wengine huziita sweta, zinazokuja katika mafurushi ya nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya. Fulana ikitoboka viwiko, watu huifanya tambara la kufutia meza. Hasara gani hiyo! Fulana ya mtu mzima ina uzi wa kutosha koti la mtoto mchanga na kofia yake. Na nyumbani hakuna anayeumizwa na baridi ya asubuhi za kiangazi kuliko mtoto mchanga.

Kwa nini fulana hufumuka, na kikwembe cha mama hakifumuki hivyo? Kikwembe ni nyuzi nyingi zinazopishana, kama mkeka. Fulana ni uzi uliopindwa vitanzi, kila kitanzi kimepita ndani ya mwenzake. Ukiipata ncha ya mwisho na kuivuta, vitanzi hufunguka kimoja kimoja, mstari baada ya mstari.

Lakini tazama kwanza! Geuza fulana ndani nje, uchunguze mishono. Kama kingo za vipande ni nzima, fulana ni njema. Kama kingo zimekatwa kwa makasi na kuzungushiwa nyuzi nyembamba, iache. Kila mstari wake umekatika, nawe utapata vipande vifupi visivyofaa kitu.

Chomoa pia uzi kidogo, uuchome moto mbele ya mtu mzima. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika. Uzi wa plastiki huyeyuka, ukawa tone gumu. Huo usimfumie mtoto anayelala karibu na moto, maana ukiyeyuka hushika ngozi.

Sasa kata uzi wa mishono tu, utenge mikono, mgongo na kifua. Fulana nyingi zilianzwa kufumwa chini. Basi anza kufumua juu, shingoni na mabegani. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali pane usichanganyike. Utakuwa umejikunja kama nywele za kondoo wa Ulaya. Uoshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, wala usiusugue: unywele wa sufu una magamba madogo mno, na ukisuguliwa katika maji ya moto hushikamana, usiachane tena. Utundike kivulini, nao utanyoka.

Katika Uingereza nguo ziligawiwa kwa kipimo tangu 1941 hata 1949, na wanawake wengi walifumua fulana namna hiyo hiyo.

Sindano ya kulabu, ndiyo kroshe, hutengenezwa kwa njiti ya gurudumu la baiskeli kama uzi ni mwembamba. Kwa uzi mnene huchongwa ya mwanzi, ikalainishwa kwa jani la msasa. Kulabu huvuta kitanzi kimoja kimoja, kwa hiyo kosa hurekebishwa upesi. Lakini hula uzi mwingi kuliko sindano mbili. Fulana ya baba haiwezi kuwa fulana nyingine ya baba. Na uzi wa viwikoni, uliokwisha kuwa mwembamba, ufumwe mara mbili, au uwekwe kwenye kofia.