Picha za ukumbusho ukutani

Watoto wetu hapa Kiringye wanachora bunduki ukutani kwa mkaa, nasi tunafuta kwa hasira. Tusikie kwanza habari ya Lubumbashi.

Huko, miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora juu ya magunia ya unga: maisha ya mjini, vita vya Katanga, kifo cha Lumumba. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yetu kwa picha zipatazo 100, akazieleza kwa Kiswahili cha kwao kwa mtafiti Johannes Fabian. Picha za namna hiyo si vitu vya matajiri. Wafanyakazi walizinunua, wakazitundika sebuleni, wakaziita ukumbusho. Iliyopendwa sana ni ile ya mfungwa akichapwa fimbo wakati wa Wabelgiji. Mtoto akiuliza, mzazi anasimulia. Tshibumba mwenyewe hakusikika tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Basi mtoto akichora askari, tusimpige. Tumuulize: huyu nani, anaenda wapi, wewe uko wapi hapo? Akinyamaza, tusimlazimishe. Na kama karatasi hakuna, gunia la unga lipo.