Urembo wa nyusi na macho: Jinsi ya kuanza bila kujiponza

KATIKA uso wa binadamu, macho ndiyo hutazamwa kwanza. Wanawake wa Pwani walilitambua jambo hili zamani, na ndiposa wanja ukawa miongoni mwa vitu ambavyo bibi harusi hakosi kupakwa. Siku hizi hamu hiyo imeenea kote nchini, na wasichana wengi hujifundisha wenyewe nyumbani kwa kutazama video kwenye simu.

Tatizo ni kwamba wengi wao huanzia mwisho. Mtu ambaye hajawahi kushika penseli ya nyusi hununua kope bandia na rangi za aina kumi na mbili, kisha hushangaa anapotoka chumbani akifanana na mtu aliyepigwa ngumi. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote mwilini, na chini yake kuna kiungo ambacho hakina kibadala. Anayejifunza anafaa aanze na nyusi, ahamie kwenye ngozi ya kope, kisha wanja, na amalizie na maskara. Akifuata utaratibu huo, kosa la siku ya kwanza litafutika kwa pamba.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Unahitaji kibano, penseli ya nyusi, brashi ndogo ya kuchania nyusi, poda ya kope ya rangi moja, wanja wa penseli na maskara. Kioo kiweke karibu na dirisha mchana. Mwanga wa balbu huficha mengi, na aliyejipamba chini yake hugundua akiwa tayari yuko kituo cha basi kwamba unyusi mmoja ni mnene kuliko mwenzake.

Kabla ya kung'oa hata unywele mmoja, pima. Chukua penseli uisimamishe wima kando ya pua, ipite kwenye pembe ya ndani ya jicho. Inapogusa unyusi ndipo unapofaa kuanzia. Kisha, sehemu ya chini ikiwa bado imeegemea ubavu wa pua, ilaze penseli hadi ipite kwenye ukingo wa nje wa ile duara ya rangi inayozunguka mboni huku ukitazama mbele. Hapo ndipo upinde hufikia kilele. Mwishowe, ilaze zaidi ipite kwenye pembe ya nje ya jicho, nawe utajua mkia wa unyusi unapofaa kukomea. Weka vitone vitatu vya penseli katika sehemu hizo, kila upande. Nyusi za mtu mmoja ni nadra kulingana kabisa, kwa hivyo usihangaike kuzifanya pacha. Zikiwa ndugu inatosha.

Nywele ni rahisi kung'oka baada ya kuoga kwa maji ya moto, ngozi ikiwa imelainika. Vuta ngozi kidogo kwa kidole, shika unywele karibu na shina, kisha uung'oe kuelekea unakomea. Ng'oa mmoja mmoja, na hasa zile zilizo chini ya upinde na katikati ya nyusi mbili. Zilizo juu ziache, kwa kuwa ndizo zinazoupa unyusi umbo lake. Baada ya nywele tano au sita, rudi nyuma hatua mbili ujitazame kwenye kioo. Aliye karibu mno na kioo huona unywele lakini haoni uso.

Lipo suala la wembe, ambalo haliwezi kupitwa. Katika saluni nyingi za mitaani, na hata katika mabweni ya wanafunzi, nyusi hunyolewa kwa wembe kwa sababu ni haraka na bei yake ni nafuu. Anayependa njia hiyo si lazima aiache. Hata hivyo, wembe ukikata ngozi hubeba damu, na damu inaweza kubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini aina ya B. Hivi vya homa ya ini huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi, na kuupangusa wembe kwa kitambaa hakuviondoi. Dai wembe ufunguliwe kutoka kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Msusi atakayenung'unika kwa ombi hilo amekwisha kukuonyesha jinsi anavyofanya kazi.

Umbo likishapatikana, jaza mapengo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwani watu huchukua penseli nyeusi tititi na kuchora mstari mmoja kutoka pua hadi sikioni. Hata kwa mtu mwenye ngozi nyeusi sana na nywele nyeusi, rangi ya hudhurungi iliyokoza huonekana ya asili zaidi kuliko nyeusi yenyewe. Ichonge penseli iwe na ncha kali, kisha chora mistari mifupi mifupi inayoelekea nywele zinakoelekea, mithili ya nywele zenyewe. Anzia katikati ya unyusi uende kwenye mkia. Sehemu iliyo karibu na pua ishughulikie mwisho, na kwa mkono mwepesi, kwa maana ikikolezwa uso hukunjamana kama wa mtu mwenye hasira. Kisha chana kwa brashi ili mistari iyeyukiane.

Wapo wanaotaka rangi idumu kwa siku kadhaa, nao hupaka nyusi piko, ile rangi nyeusi inayotumiwa Pwani kuchora maua mikononi. Piko si hina. Aghalabu ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo kwa baadhi ya watu huwasha, huvimbisha ngozi na kutoa malengelenge. Ikiingia jichoni madhara yake ni makubwa. Marekani ilipata funzo hilo mwaka wa 1933, wakati rangi ya nyusi na kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya jamii hiyo, ilipowapofusha baadhi ya wanawake. Visa hivyo vilichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka wa 1938 iliyoipa serikali ya nchi hiyo mamlaka ya kudhibiti vipodozi. Kwa ufupi, kinachopakwa mkononi kisipandishwe usoni.

Nyusi zikitulia, hamia kwenye kope. Ngozi ya hapo hutoa mafuta, na poda ikiwekwa moja kwa moja hujikusanya kwenye mikunjo kabla ya saa sita mchana. Tandaza kwanza faundesheni kidogo sana kwa ncha ya kidole, kisha poda ya kawaida. Kwa rangi, anayeanza achague moja isiyometameta, ya kahawa au ya udongo, iliyokoza kidogo kuliko ngozi yake. Rangi hafifu kama vile waridi jepesi na samawati ya maziwa mara nyingi hugeuka kuwa kama jivu juu ya ngozi nyeusi, hata kama zilipendeza kwenye kisanduku. Gusagusa rangi kwenye ngozi inayofunika mboni, halafu ipeleke kwa brashi hadi kwenye kibonde kilicho kati ya jicho na mfupa wa nyusi. Zungusha brashi polepole mpaka usiweze kuonyesha kwa kidole mahali rangi inapoishia. Kazi yote ni huko kuyeyusha ukingo. Rangi ya dhahabu na inayometameta yaweza kungoja mwezi wa pili.

Wanja ndio huwatisha wengi, kwa kuwa mkono hutetemeka. Dawa yake ni rahisi. Keti, weka kiwiko juu ya meza, na kioo ukiweke chini kidogo ya uso ili utazame chini bila kufumba jicho. Usilivute jicho pembeni, kwa sababu ukiliachilia mstari hujikunja. Badala ya kuchora mstari mrefu kwa pumzi moja, weka vitone vidogo kwenye mashina ya kope kutoka pembe moja hadi nyingine, kisha uviunganishe. Mstari uwe mwembamba ndani na unene kiasi kuelekea nje.

Wengi hupenda kupaka wanja ndani kabisa, kwenye ukingo wenye unyevu ulio kati ya kope na jicho. Kwenye ukingo huo kuna matundu madogo ya tezi zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi. Wanja ukiyaziba, macho hukauka na kuwasha, na tezi iliyozibika yaweza kuota chokea. Paka nje ya mashina ya kope. Uzuri wenyewe haupungui.

Na wanja gani? Swali hili ni zito kuliko mbinu zote zilizotajwa. Wanja wa manga wa kiasili, unaouzwa ukiwa unga au jiwe la kusagwa, katika nchi nyingi hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi. Hii ni sumu ile ile iliyowaathiri wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ambao mwaka wa 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mtu mzima hujipikicha macho na kuulamba wanja bila kujua. Mtoto mchanga, ambaye kwa desturi za Pwani na za jamii nyingine huchorwa nyusi au kupakwa wanja akingwe na jicho baya, huufikisha mdomoni kwa viganja vyake. Mwaka wa 2011 madaktari wa Boston, Marekani, walimpata mtoto wa miezi sita akiwa na risasi nyingi damuni, na chanzo kikabainika kuwa wanja uliotoka Nigeria. Risasi huathiri ukuaji wa ubongo, na wataalamu wa afya hawajui kiwango chake ambacho ni salama kwa mtoto.

Hii haimaanishi kwamba kila wanja ni sumu. Upo uliotengenezwa kwa masizi, na penseli nyingi za viwandani hazina risasi. Ila kwa macho hakuna awezaye kutofautisha unga mmoja na mwingine, hata muuzaji. Nunua uliofungwa vyema, wenye orodha ya viungo, jina la mtengenezaji, tarehe ya kuharibika na alama ya Shirika la Ukaguzi wa Ubora wa Bidhaa (KEBS). Bei ikiwa ya chini mno kiasi cha kukushangaza, iwe ni Barabara ya Dubois jijini Nairobi au Marikiti mjini Mombasa, jiulize ni kwa nini. Naye mtoto asipakwe kabisa. Desturi ina njia nyingine za kumpenda.

Maskara huja mwisho. Tazama chini, weka brashi kwenye mashina ya kope, itikise kushoto na kulia, kisha uivute juu. Tabaka moja hutosha mchana, mawili jioni. Usiisukume brashi ndani na nje ya kichupa ukidhani unaongeza rangi, maana unachoongeza ni hewa inayoikausha na vijidudu. Ikikauka usiitie maji wala mate, itupe. Hata isipokauka, haifai kutumiwa zaidi ya miezi mitatu baada ya kufunguliwa. Andika tarehe hiyo kwenye kichupa.

Jambo jingine ni mahali pa kujipaka. Si ajabu kumwona mwanadada ndani ya matatu asubuhi, kioo mkono mmoja na brashi mkono wa pili. Tuta moja latosha kuipeleka brashi kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Utando ukikwaruzwa, vijidudu vya kwenye brashi hupata mlango, na kidonda cha konea kisipotibiwa mapema chaweza kuacha kovu linaloziba uwezo wa kuona. Kama umechelewa, afadhali ujipake ukishafika kazini.

Wanja na maskara haviazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 maradhi ya macho mekundu yalienea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani, na miongoni mwa yale ambayo watu walitahadharishwa nayo ni kutumia pamoja taulo na vipodozi. Aliyeugua maradhi hayo hana budi kuvitupa vyote alivyovitumia machoni, japo roho itamuuma kwa gharama. Wanaopambwa saluni kwa ajili ya harusi wabebe penseli na maskara yao wenyewe.

Usiku, usilale nayo. Lowesha pamba kwa mafuta mepesi ya watoto, iweke juu ya jicho lililofumbwa, uhesabu hadi ishirini, kisha ipanguse kuelekea chini bila kusugua. Rudia kwa pamba safi hadi isitoke na weusi, ndipo unawe uso kwa maji na sabuni isiyo kali. Jicho likiamka limevimba au likiwa jekundu, acha vipodozi vyote mpaka litulie. Likiuma, likishindwa kustahimili mwanga au ukiona ukungu, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, na ubebe vipodozi ulivyotumia ili daktari avitazame. Usitie dawa ya matone uliyoazima kwa jirani.