Andika "Toro" Kabla ya "Kasese"

Kila maktaba ya chuo ikitangaza hifadhidata mpya za anthropolojia, swali ni lilelile: mbona mnalipia majarida yasiyo na kitu kuhusu sisi? Muulizaji mara nyingi ni mwanafunzi wa Kasese au Bwera, magharibi mwa Uganda, anayeandaa utafiti wake. Ameandika "Bakonzo", jina la kabila lake, kwenye kisanduku cha kutafutia, akapata vitu vichache, na jioni hiyohiyo akaweka katika pendekezo lake sentensi inayonikera kuliko zote: hakuna utafiti uliowahi kufanywa kuhusu jamii hii.

Si kweli. Na anayeiandika anawafuta wazee walioketi na watafiti usiku kucha wakiwaimbia na kuwaeleza.

Mwaka 1967 Kirsten Alnaes alichapisha katika jarida la Africa uchambuzi wa wimbo mmoja wa tohara wa Bakonzo, kisha mwaka 1969 akaandika juu ya nyimbo za uasi wa Rwenzururu. Tom Stacey alikuwa ameshatoa kitabu kizima mwaka 1965. Martin Doornbos aliandika juu ya Rwenzururu mwaka 1970, ila ni sura ndani ya kitabu cha wengi, na anayepekua majarida peke yake hawezi kuiona. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kongo, Randall Packard alitoa mwaka 1981 kitabu juu ya Bashu, ambao ni Banande, ndugu zenu wa damu na lugha. Jalada lake halitaji Banande, Bakonzo wala Kongo. Mashine hutafuta herufi ulizoipa. Udugu wa watu wa mlima mmoja haiujui.

Sasa hilo jina Kasese. Wilaya hii ilizaliwa mwaka 1974. Kabla ya hapo kaunti zake za Bukonzo na Busongora zilihesabiwa ndani ya Toro, na ndiyo sababu kubwa ya uasi huo wa Rwenzururu wa mwaka 1962. Mtu aliyeandika mwaka 1965 hakuwa na wilaya ya Kasese ya kuitaja. Aliandika Toro, aliandika "Konjo" na "Bakonjo", na mlima akauita "Ruwenzori". Ukikataa kuandika majina hayo kwa sababu yanakuudhi, na nakubali yanaudhi, umejifungia mlango mwenyewe. Ukiandika "konzo" tupu, utamwagiwa makala za madaktari kuhusu ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na mihogo isiyoondolewa sumu. Ndilo jina la ugonjwa huo, na hauhusiani na kabila lenu.

Dawa ya siku hizi ni kuiomba programu ya simu ikutungie marejeo. Inatunga kweli! Nimeletewa orodha zenye waandishi halisi, majarida halisi, na makala ambazo hazikuwahi kuandikwa na yeyote. Msimamizi akizitafuta asizipate, ni jina lako litakaloharibika.

Basi fanya hivi. Jaribu tahajia zote na majina yote ya watu hawa, pamoja na Nande na Yira. Chukua nywila ya maktaba kabla hujaondoka chuoni, uitumie ukiwa Bwera. JSTOR ni nzuri kwa matoleo ya zamani, lakini majarida yake mengi hayaonyeshi miaka michache ya karibuni. Bila kulipa senti: Anthropological Index Online kwa kujua nani aliandika nini, majarida ya anthropolojia ya Berghahn yaliyofunguliwa mwaka 2020, African Journals Online, hazina ya tasnifu ya Makerere, na Uganda Journal, lililoanza mwaka 1934, kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Florida. Ukigonga ukuta wa malipo, mwandikie mwandishi mwenyewe, wengi hutuma. Kwa hati za serikali za kabla ya 1974, panda gari hadi Fort Portal, Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, zilikohifadhiwa nyaraka za wilaya ya Kabarole, na uombe majalada ya Toro.