Moyo Uliochoka: Presha na Wazee wa Lusenda

Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama. Moyo bado unapiga, ila hausukumi damu ya kutosha, na maji hurudi nyuma kujaa mapafuni na miguuni. Barani Afrika chanzo kikuu ni presha iliyokaa miaka bila dawa: msuli wa moyo hunenepa, hukakamaa, mwishowe hulegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 waliolazwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta presha kwa karibu nusu yao. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Ulaya ugonjwa huu huwapata zaidi waliopita 70.

Lusenda, katika teritori ya Fizi, mashariki mwa Kongo, ni kambi ya Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka 2015. Mkimbizi huchukua watoto na godoro. Vidonge vya presha husahaulika, na presha haiumi hata mtu aikumbuke.

Dalili hudhaniwa ni uzee tu, au mkono wa mtu. Mzee hushindwa kulala chali, huamka usiku akitweta, viatu vinambana jioni. Ukibonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba ukakiondoa, kishimo hubaki. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unono.

Tiba yenyewe haihitaji mashine kubwa. Furosemidi hutoa maji kwa njia ya mkojo. Enalaprili na karvediloli huupunguzia moyo mzigo, na hunywewa kila siku hata mgonjwa akijisikia mzima. Kwa mzee dozi huanza ndogo, kwa kuwa figo zake ni dhaifu na kizunguzungu cha kusimama ghafla humwangusha. Adui asiyeshukiwa ni diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ya viungo zinazouzwa kila mahali: hufanya mwili uzuie chumvi na maji, na mgonjwa aliyekuwa ametulia huzidiwa tena.

Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Ndagala waliokaushwa juani bila chumvi hawana shida. Samaki wa chumvi waachiwe wengine.

Mzee anayefika kituo cha afya, iwe Lusenda, Nundu au Baraka, hata kama amekuja kwa malaria, apimwe presha pia.