OILI YA PIKAPU YA KIKUNDI: TUSOME MKEBE KABLA YA KULIPA



Vikundi vingi vinavyoleta mazao kisiwani Mombasa vina pikapu yao wenyewe. Wengine waliipata kwa michango ya miaka mingi, wengine kwa mkopo ambao hadi leo unalipwa kidogo kidogo. Gari hilo ni kama shamba la pili la kikundi. Siku injini ikinoki, mihogo na maembe hukaa njiani, samaki huharibika, na mkopo haungoji. Kwa hivyo tumeona tulichukue swali linaloulizwa kila siku mbele ya kaunta ya duka la spea: ninunue oili gani?

Mara nyingi jibu hutolewa na yeyote aliye karibu. Fundi husema, "Mama mwenyekiti, gari hili limechoka, na Mombasa ni joto, litie oili nzito." Dereva husema, "Tia ile ile ya juzi." Mwenye duka naye hutoa ile iliyo mbele yake. Wote wanataka kusaidia, lakini hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu cha gari wala kusoma maandishi ya mkebe. Na mkebe wenyewe unasema mengi.

Kwanza tukumbuke kazi ya oili. Inapita kati ya vyuma ili visisuguane. Inabeba joto kutoka mahali ambapo maji ya rejeta hayafiki. Inaosha masizi na kuyashika yasigande ndani ya injini. Inaua asidi inayotokana na kuungua kwa dizeli au petroli. Hizi kazi mbili za mwisho hufanywa na dawa zilizochanganywa ndani ya oili, na hapo ndipo oili mbili zenye uzito mmoja zinapotofautiana kabisa.

NAMBARI: UZITO WA OILI

Penye mkebe utaona herufi SAE, halafu nambari kama 15W-40 au 20W-50, au 40 peke yake. SAE ni chama cha wahandisi wa magari cha Marekani ambacho ndicho kilichopanga vipimo hivi. Nambari ni kipimo cha uzito, yaani jinsi oili inavyotiririka. Kubwa ni nzito, ndogo ni nyepesi. Herufi W inasimama badala ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani. Nambari iliyo mbele ya W inaonyesha jinsi oili inavyokwenda kwenye baridi kali: oili ya 15W, kwa mfano, hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri. Baridi hiyo hatuijui sisi wa pwani. Nambari ya pili inaonyesha uzito wa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, injini ikiwa imeshapata moto.

Sasa lile neno la fundi, kwamba Mombasa ni joto kwa hivyo tutie nzito. Ni kweli nusu. Injini nzima ina thamostati inayoshikilia joto lake, na ikishachemka vizuri, oili ndani yake hukaribia nyuzi 100 iwe uko Marikiti au uko Limuru. Kinachobadilisha mambo kweli ni kazi ya gari. Pikapu iliyopakiwa ikipanda kutoka Mazeras kwenda Mariakani mchana wa Machi huchemsha oili kuliko ile inayozunguka tupu. Kwa safari kama hiyo, 40 ni uzito wa kutosha kwa pikapu nyingi za dizeli zilizo mikononi mwa vikundi, kama Hilux za zamani na Isuzu.

Lakini kuna hasara ya kuzidisha uzito, na hii haisemwi sana. Gari likilala usiku, oili yote hushuka kwenye bakuli lake chini. Asubuhi ukiwasha, vyuma vya juu huzunguka vikiwa karibu vikavu mpaka pampu ifikishe oili huko. Oili nzito huchelewa kufika, na vyuma vinaliwa wakati huo huo. Ndiyo maana sisi tungechagua 15W-40 kwa dizeli ya kawaida, na si 50 wala 40 kavu isiyo na W, isipokuwa kitabu cha gari kimesema hivyo. 20W-50 ina nafasi yake: injini ya petroli ya zamani iliyolika, inayokula oili na kutoa moshi wa buluu, itatulia kidogo. Itatulia tu, haitapona. Ringi zilizokwisha hazirudishwi na oili, wala na zile chupa za "dawa ya injini" zinazouzwa kwa maneno matamu.

Pikapu mpya ni jambo jingine. Njia zake za oili ni nyembamba, na nyingi zimetengenezewa oili nyepesi kama 5W-30. Ikiwa gari lenu lina kichujio cha kunasa masizi kwenye ekzosi, linahitaji oili maalumu isiyoacha majivu mengi. Oili ya kawaida itakiziba kichujio hicho, na bei yake ni ya kuuza ng'ombe. Hapo msibahatishe, fuateni kitabu.

HERUFI: HAPA NDIPO WENGI TUNAPOPITA BILA KUSOMA

Chini ya nambari za SAE kuna herufi API, taasisi ya mafuta ya Marekani, zikifuatwa na herufi mbili. Ikianza na S, oili ni ya petroli. Ikianza na C, ni ya dizeli. Herufi inayofuata huonyesha umri wa kipimo: kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti, ndivyo oili ilivyo ya kisasa. Mkebe ukiandikwa zote mbili, tuseme CI-4/SL, unafaa pande zote mbili, ila ile iliyotangulia ndiyo kazi yake kubwa.

Dizeli hutoa masizi mengi kuliko petroli. Ukitia oili ya S peke yake kwenye pikapu ya dizeli, haina nguvu ya kuyabeba masizi hayo, yataganda na kuwa kama uji mzito. Kwa dizeli za zamani, CH-4 ya mwaka 1998 au CI-4 ya mwaka 2002 zinatosha vizuri.

Sasa angalieni oili ya bei ya chini sana. Mingine huandikwa CD, mingine hata SA. API yenyewe inaonya kwamba CD haifai kwa dizeli nyingi zilizotengenezwa baada ya 1994. Na SA, ambayo haina dawa yoyote ndani yake, haifai kwa magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya 1930! Yaani ni oili ya magari ya enzi za babu zetu. Kwenye mkebe mzuri wa rangi, wenye SAE 40 kubwa mbele na SA ndogo nyuma, nani atajua?

Vikundi vya wavuvi tunawaambia neno lao peke yao. Oili ya mashine ya boti ya kuchanganya na petroli imetengenezwa iungue pamoja na petroli. Isitiwe kwenye injini ya pikapu hata kama ndiyo pekee iliyobaki stoo.

Jambo jingine ni oili bandia: oili iliyotumika, ikachujwa na kurudishwa kwenye mkebe wa jina kubwa. Nunueni penye risiti, angalieni alama ya KEBS, na kifuniko kiwe na muhuri ambao haujakatwa. Na mkebe wenu ukiisha, utobweni au ukatweni. Mkebe mzima unaotupwa jalalani ndio unaorudi dukani.

KILOMITA NA SAA

Magereji mengi hubadilisha oili kila kilomita 5,000. Pikapu inayokwenda kilomita 60 kwa siku, siku sita za wiki, hufika hapo kwa wiki 14. Lakini tazama gari linavyofanya kazi kisiwani. Linangoja foleni ya feri Likoni injini ikinguruma. Linaingia Mji wa Kale, linajibana Ndia Kuu nyuma ya mkokoteni, linasimama, linawasha, linasimama tena. Mita ya kilomita inalala, injini inafanya kazi. Na safari fupi fupi haziipi oili nafasi ya kupata moto wa kukausha unyevu ulioingia ndani. Gari la namna hii libadilishwe oili mapema, hata kilomita zikiwa 4,000, na lisipite miezi sita. Kwenye foleni ndefu, dereva azime. Filta nayo ibadilishwe kila mara pamoja na oili, kwa sababu filta ya zamani huwa imebeba oili chafu inayochanganyika na mpya siku hiyo hiyo.

Kikundi kiwe na daftari moja la gari: tarehe, kilomita, aina ya oili na herufi zake, lita ngapi, nani alisimamia. Mweka hazina alishike, si dereva. Ikionekana gari linaongezwa lita kila wiki, kuna mahali linavuja au linaungua, na daftari ndilo litakalosema kabla injini haijasema.

Kupima ni asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na halijawashwa. Toa kijiti, kipanguse, kirudishe, kitoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kuipitisha alama ya juu si akiba. Krenki huipiga ikawa povu, na povu halilainishi. Oili ya dizeli kuwa nyeusi baada ya siku chache si ubaya, inaosha. Ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, simamisheni gari, maji yameingia, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Ikinuka dizeli na kupanda juu ya alama, mwiteni fundi wa pampu.

Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Mitaro ya Mji wa Kale huteremka baharini, pale pale majahazi yanapofunga na wavuvi wanapotega. Mwaka 1988 mafuta yaliyomwagika kutoka tangi yaliua mikoko ya ghuba ya Makupa, na mikoko hukua polepole. Tena oili iliyotumika si dawa ya upele wala ya vidonda vya mbuzi. Imeonekana kuleta saratani ya ngozi kwa wanyama wa maabara, kwa hivyo fundi naye anawe mikono kwa sabuni. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko, bila kuichanganya na maji wala petroli, na muipeleke kwa gereji au mkusanyaji mwenye kibali cha NEMA. Filta ya zamani itobolewe na kuinamishwa juu ya mtungi huo usiku kucha, maana hubaki na oili nyingi ndani.