Nambari Moja, Wagonjwa Wawili: Hatari Iliyojificha katika Kurejesha Kumbukumbu za Hospitali

Katika hospitali za mwambao wa Tanga, kuanzia Bombo hadi Muheza na Pangani, mgonjwa hutambulishwa kwa nambari. Kumbukumbu zinapotunzwa kwenye kompyuta, nambari hiyo ndiyo uzi unaoshona majedwali mengi: la usajili lenye jina na umri, la maabara lenye majibu, la famasia lenye dawa na dozi. Mara nyingi jedwali la maabara halina jina la mtu, lina nambari tu. Kwa sababu hiyo, nakala ya akiba ya hifadhidata ya namna hii haichukuliwi kama mtu anavyohamisha picha kwenye flashi. Faili likinakiliwa huku makarani wakiandika, jedwali moja huweza kunaswa kabla ya jingine kukamilika, na jibu la damu likabaki bila mwenyewe. Itumike zana ya hifadhidata yenyewe, inayoyanasa majedwali yote kwa hali ya wakati mmoja.

Kanuni ya nakala inajulikana: ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa Tanga, sharti la mwisho ndilo zito. Hewa ya chumvi hula mashine, masika huleta maji, na diski iliyowekwa juu ya seva hufa pamoja na seva. Kutegemea mtandao pekee nako si salama: Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya. Wapo pia wanaodhani kwamba taarifa za MTUHA za kila mwezi ni akiba tosha. Taarifa hizo huhesabu wagonjwa, hazimjui mgonjwa.

Hata nakala nyingi hazitoshi zisipojaribiwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata kuu. Njia kadhaa za akiba zilikuwapo, lakini nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita kabla, iliyochukuliwa kwa shughuli nyingine kabisa.

Kwa hospitali, hatari kubwa huanza pale urejeshaji unapofaulu. Chukulia kwamba seva imeharibika saa sita mchana, na nakala ya mwisho ni ya saa nane usiku. Mfumo ukirejeshwa, hauwajui waliosajiliwa asubuhi. Baya zaidi, kihesabu cha nambari nacho kimerudi nyuma. Mama aliyesajiliwa saa mbili asubuhi ameondoka na kadi yenye nambari 48213. Mzee anayefika saa tisa alasiri anapewa nambari hiyohiyo. Majibu ya mama yakitoka jioni, yanaingia katika jalada la mzee. Hakuna kengele inayolia, kwani kwa hifadhidata kila kitu ni sahihi.

Basi kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa, kihesabu kisogezwe mbele kupita nambari ya juu kabisa iliyomo kwenye rejista ya karatasi ya siku hiyo. Kisha wagonjwa wa asubuhi waingizwe upya, kila mmoja kwa nambari yake ileile, na maabara izuie majibu yao hadi kazi hiyo iishe. Rejista hiyo ya karatasi ndiyo ambayo baadhi ya wakuu wa vituo wana haraka ya kuitupa.

Zoezi hili lifanywe angalau kila robo mwaka, kwenye kompyuta ya pembeni. Nakala irejeshwe, zichaguliwe kadi kumi bila mpangilio, na kila moja ilinganishwe na kilichomo kwenye mfumo: jina, jibu la mwisho, dawa ya mwisho. Muda uliotumika uandikwe.

Mgonjwa naye asidharau kadi yake. Katika kliniki za tiba na matunzo ya VVU, kadi ya CTC1 hukaa na mgonjwa, ile ya CTC2 hubaki kituoni. Anayesikia kwamba mfumo ulianguka juzi ana haki ya kuomba jina, umri na dawa zake zihakikiwe, kwa faragha, kabla ya kupokea chochote dirishani.